Mwanangu, hicho kichupa usikifungue

Mwanangu Idrisa,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako nimeusoma jana baada ya Isha. Nimeona nikujibu kwa maandishi, maana kwa simu ungeona haya ukakata kabla sijamaliza. Umeniambia kwamba kuzunguka kichwa cha uume, pale kinapoishia, umeona vijipunje vidogo kama uwele vimejipanga safu. Haviumi, haviwashi, na hukumbuki vilianza lini. Rafiki yako kakwambia ni masundosundo, muuza dawa wa stendi kakuuzia kichupa cha kuvichomea, harusi nayo imekaribia. Ukaniuliza: "Baba, nimeambukizwa?"

Tuanze na hicho kichupa. Usikifungue.

Nilipokuwa tabibu zahanati nilimpokea kijana wa rika lako, akakaa ukingoni mwa kiti, miguu kaipanua, shati kalivuta mbele kufunika suruali. Alikuwa na vijipunje kama unavyovieleza wewe, naye alikuwa amepakwa hofu kabla ya kujipaka dawa. Nilipomtazama, upande mmoja ngozi ilikuwa imebanduka, nyekundu, inatoa majimaji, na kwenda haja ndogo kwake ilikuwa adhabu. Upande ambao dawa haikufika, safu yake ilikuwa palepale, safi kabisa. Kidonda kizima alichokuja nacho kilitoka kwenye chupa. Tulikitibu, kikapona kwa taabu, na kovu likabaki.

Sasa swali lako. Kwa namna ulivyoeleza, hivyo vinafanana sana na vijipunje vya maumbile vinavyojitokeza kijana anapobalehe au katika miaka yake ya ishirini. Huwa na upana wa milimita moja au mbili, vina rangi ya ngozi au vyeupe kidogo, vinalingana ukubwa, vinakaa kwa mpangilio safu moja au zaidi. Havitokani na zinaa wala uchafu, havimwambukizi mtu, havigeuki saratani. Tafiti za nchi mbalimbali zimevikuta kwa wanaume kati ya asilimia 14 na 48, wengi wao wasiotahiriwa, lakini waliotahiriwa kama wewe wanavyo pia. Umri ukisogea huwa vinafifia vyenyewe.

Masundosundo yana tabia nyingine. Hayafuati safu. Moja kubwa, jingine dogo, yanaota popote, hata kwenye kinena au karibu na njia ya haja kubwa, na baada ya wiki kadhaa unayakuta yameongezeka. Vyako umesema ni vilevile siku zote, na hilo limenituliza sana.

Na kwa kuwa umeanza kujikagua, najua utaona na mengine, bora nikutajie mapema. Ukivuta kidogo ngozi ya uume au ya mfuko wa korodani utaona vidoa vya manjano hafifu chini yake. Hizo ni tezi za mafuta zisizo na nywele. Simama mbele ya kioo, geuza mdomo wa juu, huenda ukazikuta na huko, kwa sababu watu wazima wengi wanazo. Daktari wa ngozi wa Marekani, John Addison Fordyce, aliziandika mwaka 1896, na mpaka leo zinaitwa kwa jina lake. Usizibinye. Kuna mstari unaopita chini ya uume, ukagawa mfuko wa korodani, ukaenda hadi nyuma. Huo umekuwa nao tangu tumboni mwa mama yako, pande mbili za ngozi zilipoungana. Rangi ya huko kuwa nyeusi kuliko mwili mwingine ni kazi ya homoni, na kovu la tohara mara nyingi huacha rangi mbili, juu yake na chini yake. Korodani moja kuning'inia chini kuliko nyingine, mara nyingi ya kushoto, nalo ni jambo la kawaida. Ukifika umri wangu utaota labda vidoa vya zambarau kwenye mfuko, vimishipa vya damu vilivyopanuka. Mimi ninavyo. Vikikwaruzwa hutoa damu, basi usivikwaruze.

Wanawake nao wana vijipunje vya maumbile huko kwao. Nakwambia hili kwa sababu unaoa, nisingependa siku moja umshuku binti wa watu kwa kitu alichopewa na Mola wake.

Lakini mimi sijakuona, Idrisa, na usinitumie picha. Simu hupotea. Nataka utazamwe na tabibu au daktari, kwa macho yake, kwenye mwanga mzuri. Ukiona haya kwa mhudumu wa kike omba wa kiume, hakuna atakayekushangaa. Na usingoje hata siku moja ikitokea kidonda, hata kisichouma, maana kidonda cha kaswende mara nyingi hakiumi. Au malengelenge, usaha, uchungu wa mkojo, muwasho mkali wa usiku, au uvimbe mgumu ndani ya korodani. Kidonda kisichopona kwa wiki mbili au tatu kinahitaji kuonekana, hata kama ulishapaka dawa ya duka. Zile krimu zenye betamethasone ambazo watu hununua kiholela ziache, huko ngozi ni laini mno, huichakaza.

Kuosha, maji yanatosha, na sabuni isiyo kali ukipenda. Najua ulivyo. Umeshaanza kusugua.

Lipo jambo moja la kweli katika hofu yako. Umeniambia uliwahi kuwa na mtu kabla ya huyu mchumba. Sitakuhukumu kwa barua. Ila ngozi kuwa salama si ushahidi kwamba damu ni salama, na maambukizi mengi hayaonyeshi dalili yoyote. Nendeni wote wawili mkapime virusi vya UKIMWI na kaswende kabla ya ndoa. Kuna vipimo vya haraka vya kidole, majibu mnayapata mkiwa hapohapo. Ukienda siku hiyo, muonyeshe tabibu na hivyo vijipunje, umalize yote kwa safari moja.

Hicho kichupa mpelekee yeye akitupe inavyopaswa, watoto wa mwenye nyumba wasije wakakiokota.

Mama yako sijamwambia neno. Ukitoka kliniki nipigie, hata kama ni usiku. Na ami yako anauliza mtakuja wangapi kutoka Dodoma, apate kuagiza basi. Mjibu wiki hii.

Wasalaam,
Baba yako