Kielekezi cha skrubu hakibaki mwilini

Dada, pole kwa wasiwasi. Umeuliza kama kile "kiplastiki cha kompyuta" alichokitaja daktari wa binti yako mwenye mgongo uliopinda ni roboti, na kama kitabaki mwilini. Si roboti, na hakibaki.

Kwanza anapigwa picha za CT, yaani eksirei za kipande kwa kipande. Kwenye kompyuta, kila pingili (mfupa mmoja wa uti wa mgongo) inachorwa peke yake na daktari anapanga skrubu ya kushikilia vyuma vya kunyoosha mgongo ipite wapi, iwe nene na ndefu kiasi gani. Kisha printa ya 3D inatengeneza kielekezi: kipande cha plastiki chenye mirija miwili, ambacho upande wake wa chini umefuata mabonde na vilima vya mfupa wa mtoto huyo tu. Kinakaa mgongoni mwa pingili kama kifuniko kwenye chupa yake, daktari anatoboa kupitia mirija, halafu anakitoa.

Faida iko hapa: skrubu hupita kwenye shina la pingili, sehemu nyembamba inayounganisha nyuma na mbele yake, ambalo kwenye pingili za kifuani huweza kuwa na upana wa milimita chache tu. Upande wa ndani wa shina hilo kuna ugwe wa neva, mbele ya pingili kuna mshipa mkuu wa damu. Mgongo ukipinda, pingili nazo hujizungusha, na jicho hudanganyika. Eksirei za wakati wa upasuaji pia hupungua.

Ila nyama isipokwanguliwa vizuri mfupani, kielekezi hukaa upande na tundu linakosea. Kwa hiyo mkono wa daktari bado ndio kila kitu. Muulize amefanya upasuaji wa aina hii mara ngapi.