Kubadili jina la faili hakubadili picha (HEIC, JPEG na PNG)

Mkuu, umeuliza mambo mawili: kwa nini picha za iPhone (aina ya faili ya HEIC) zinakataliwa kwenye mfumo wa maombi hata ukifuta ".heic" ukaandika ".jpg", na kwa nini nembo yako ya PNG imetokea na weusi nyuma baada ya kuigeuza. Nafanya kazi ya stesheneri, na msimu wa maombi ya vyuo haya ndiyo tunashinda nayo.

Herufi zilizo baada ya nukta ni jina tu. Ifungue faili yako kwa Notepad uone. Utakutana na alama zisizosomeka, lakini tazama mwanzoni kabisa: PNG imeandikwa PNG, JPEG kwa kawaida ina JFIF au Exif, na hiyo yako utakuta "ftypheic". Mifumo mingi hukagua hapo. Kwa hiyo lazima picha ifunguliwe na programu inayoielewa, kisha ihifadhiwe upya.

Kama simu yako ina iOS 16 au zaidi, huhitaji kupakua kitu. Hifadhi picha kwenye programu ya Files, ibonyeze bila kuachia, chagua "Quick Actions", halafu "Convert Image", kisha JPEG. Ukitaka kuanzia leo simu ipige JPEG yenyewe, nenda Settings, Camera, Formats, uweke "Most Compatible". Picha zitakula nafasi zaidi, maana HEIC, ambayo Apple waliileta na iOS 11 mwaka 2017, inabana vizuri kuliko JPEG. Kwa folda nzima kwenye kompyuta, natumia ImageMagick, programu ya bure inayoendeshwa kwa kuandika amri:

magick mogrify -format jpg -quality 90 *.heic

Zile tovuti za kugeuza picha bure sizikatai, ila tafadhali usipakie huko kitambulisho wala cheti chako. Hujui nakala inabaki kwa nani.

Sasa nembo. Ndani ya PNG pikseli (nukta ndogo ya rangi inayounda picha) inaweza kuwa wazi kabisa, kilicho nyuma yake kikaonekana. JPEG haina nafasi ya kuandika hilo, hivyo programu inajaza rangi yoyote, na nyingine hujaza nyeusi. Jaza nyeupe wewe mwenyewe:

magick nembo.png -background white -flatten nembo.jpg

Lakini kama hujalazimishwa, nembo iache kwenye PNG. JPEG huikata picha vipande vya pikseli 8 kwa 8, kisha hutupa yale ambayo jicho haliyashiki sana. Kwenye uso wa mtu au majani ya mwembe hutagundua. Kwenye herufi nyeusi juu ya karatasi nyeupe utagundua: ikuze, utaona pembeni mwa kila herufi madoa ya kijivu kama vumbi. Kuirudisha PNG hakuyaondoi. PNG itayatunza yalivyo, na faili itanenepa bure.

Hapa ndipo kazi nyingi nzuri zinapoharibika. Mtu kalipia nembo safi, kisha inatumwa WhatsApp kama picha, inahifadhiwa, inatumwa tena, na kila hatua inabanwa upya. Ikifika kuchapwa kwenye bango, inatia huruma. Itume kama dokumenti, na faili ya asili iweke pembeni usiiguse. Kila toleo jipya litoke kwenye hiyo, si kwenye nakala ya nakala.

Na mfumo ukidai picha isizidi kilobaiti kadhaa, usikimbilie kushusha ubora. Anza na vipimo. Picha ya kawaida ya iPhone ya megapikseli 12 ni pikseli 4032 kwa 3024, ukubwa usio na kazi kwenye pasipoti saizi. Ikate kwanza ibaki kichwa na mabega, kisha:

magick picha.jpg -auto-orient -resize 600x -quality 85 maombi.jpg

Hiyo "-auto-orient" usiiache, vinginevyo mifumo mingine itaionyesha imelala ubavu.