Marisaa na gololi ndani ya ganda moja: kwa nini uache, na ufanye nini badala yake

Wenye shotgani za geji 12 wanaolinda mashamba huku Moshi na Arusha huuliza sana: kuna ubaya gani kufungua ganda la marisaa (punje ndogo nyingi), kuongeza gololi moja ya risasi, kisha kupata vyote viwili kwa mfyatuo mmoja? Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haikuruhusu kutengeneza risasi bila leseni, kwa hiyo mjadala ungeweza kuishia hapo. Lakini hata sheria isingekuwepo, mahesabu yenyewe yanakataa.

Anza na uzito. Gololi ya madini ya risasi yenye kipenyo cha milimita 12 ina gramu 10 hivi. Ganda la gramu 28 limewekewa baruti ya kusukuma gramu 28. Ukiongeza gololi hiyo, mzigo unafika gramu 38, na baruti ni ile ile. Mzigo mzito huchelewa kuondoka, gesi inakosa nafasi ya kutanuka, na presha inapanda. Kwa viwango vya Ulaya, risasi za kawaida za geji 12 hazitakiwi kuvuka presha ya bar 740. Mtutu wa kurithi kwa babu, wenye vishimo vya kutu ndani, hauna akiba ya kuvumilia ubunifu wa mezani.

Halafu kuna choki, yaani mbano wa mtutu karibu na mdomo. Tundu la geji 12 lina kipenyo cha milimita 18.5, choki kamili hulibana hadi karibu 17.5 pale mdomoni. Marisaa peke yake hujipanga na kupita. Gololi ikiwa katikati yake, punje hujibana kati ya gololi na ukuta wa mtutu kama kabari, tena kwenye sehemu nyembamba kuliko zote. Mtutu huvimba hapo. Wanaotumia gololi ya chuma ya beringi ndio wanaojitafutia makubwa, maana chuma hakibonyei.

Tuseme imetoka salama. Gololi ikikaa nyuma ya marisaa, inayasukuma na kuyatawanya. Ikikaa mbele, inatoka bila mwelekeo wa kuaminika. Jeshi la Marekani lilitumia mchanganyiko wa namna hii katika karne ya 19, gololi moja kubwa na tatu ndogo, lakini ilikuwa kwa bunduki zisizo na mifuo (mifereji ya ndani ya mtutu inayoizungusha risasi), dhidi ya safu ya askari waliosimama bega kwa bega. Bunduki zenye mifuo zilipoenea, mtindo huo ukapotea. Zipo risasi za kiwandani za leo zenye slagi (risasi moja nzito) na gololi tatu, ila mzigo wote umepimwa pamoja na baruti yake.

Kwa mazingira yetu, hili linalofuata ndilo zito kuliko yote. Marisaa yana hatari ya karibu mita 100 kwa kila milimita ya kipenyo: punje ya milimita 2.6 ihesabie mita 260. Risasi moja nzito inaweza kuvuka kilomita. Ukipiga kuelekea mteremkoni Kibosho au Machame, ambako kihamba (shamba la ukoo lenye nyumba) kimegusana na kihamba na migomba inaficha nyumba, unalenga kwa akili ya marisaa huku umeachia kitu kinachofika kwa jirani wa tano.

Unachotafuta, yaani kujua bunduki yako inafanya nini, kinapatikana kwa karatasi. Nenda uwanja wa shabaha ulioruhusiwa, wenye tuta la udongo nyuma. Chukua karatasi ya upana wa sentimita 120 kila upande. Maboksi ya friji yaliyopasuliwa yanatosha. Weka alama katikati, pima mita 36.5 kwa utepe, si kwa hatua, na piga risasi moja kwa kila karatasi. Tumia karatasi tano kwa aina moja ya risasi, kwa sababu karatasi moja hudanganya. Kisha tafuta palipojaa matundu zaidi, funga uzi wa sentimita 38 kwenye msumari na uchore duara hapo, hata kama ni mbali na alama yako. Hesabu matundu.

Ganda la gramu 32 namba 6 ya Uingereza (namba ya ukubwa wa punje) lina punje 305 hivi. Choki kamili inatakiwa iweke karibu asilimia 70 ndani ya duara, nusu choki 60, robo 55, na mtutu usio na choki 40. Soma milimita kwenye boksi, usiamini namba tu: namba 6 ya Marekani ni milimita 2.8, ambayo Uingereza ni namba 5. Duara likiwa zuri lakini limekaa pembeni ya alama kwenye karatasi zote tano, shida mara nyingi ni kitako kisichokutosha au unavyoegesha shavu, si risasi. Duara likiwa na mapengo makubwa, badilisha aina ya risasi kabla hujagusa choki.

Slagi ijaribu siku yake, kwa karatasi zake, mita 50, bunduki ikiegeshwa kwenye mfuko wa mchanga. Robo choki au mtutu mnyoofu huipitisha vizuri zaidi.

Ukisikia mlio hafifu, “pufu” badala ya kishindo, acha. Elekeza mdomo kwenye tuta, subiri nusu dakika, fungua, toa ganda, uchungulie mtutu kutokea nyuma. Kizibo kinachotenganisha baruti na marisaa kikibaki ndani, risasi inayofuata inapasua mtutu. Na geji 20, iliyo nyembamba zaidi, isikae mfuko mmoja na geji 12 hata siku moja. Inateleza ndani ya chemba ya geji 12, inanasa mbele kidogo, unadhani hujapakia, unaweka nyingine nyuma yake. Ndiyo maana maganda ya geji 20 hupakwa njano.