Kwa mafundi wapya wa umeme wa matela ya kambi: tafuteni moto unakorudi

Msimu umekaribia, yadi imejaa matela, na mimi tangu asubuhi napita nyuma ya vijana nikikuta yaleyale. Mmoja amechubua waya kwa wembe kila baada ya shubiri ili aone kama moto unapita. Mwingine ameshaandika karatasi ya spea: betri mpya, rilei mpya, kompresa ya friji. Hajafungua hata kifuniko cha soketi. Nawapenda, wadogo zangu, lakini mtanizeesha kabla ya siku zangu.

Haya namwandikia anayejua kushika mita. Kama hujui fyuzi ya bluu ni ya ampea ngapi, rudi kwanza kwa aliyekufundisha.

1. Msikilize dereva kabla hujashika spana. Usimuulize nini kimeharibika, maana atakujibu "friji imekufa" na wewe utaanza kuchimba kaburi. Muulize lini. Usiku au mchana? Injini ikiwaka au ikiwa imezimwa? Tela likiwa limenyooka au likikata kona? Taa zinazozima kwenye kona tu zimeshakutajia ugonjwa wao: ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri, inapita kwenye tufe la kuvutia tela badala ya waya wake, na chuma kikizunguka, grisi inaingia katikati. Madereva wanaopanda Ngorongoro kila wiki wanalisikia gari kuliko mnavyodhani. Majina ya vifaa wanaweza wasiyajue, ila saa na mahali tatizo lilipoanza watakutajia bila kukosea.

2. Rangi za waya. Kwenye plagi ya pini saba, ile ya taa inayounganisha tela na gari, mweupe ndio ethi, pini namba 3. Mweusi ni taa ndogo ya kushoto, pini namba 7. Njano ni indiketa ya kushoto, kijani ya kulia, nyekundu breki, kahawia taa ndogo ya kulia. Mmezoea waya mweusi wa betri, basi mkiona mweusi mnadhani ni ethi, mnaukimbiza kwenye chesisi. Kuna dogo alifanya hivyo hapa. Mchana kila kitu kilikuwa sawa, indiketa zinapepesa, breki zinawaka, tela likaondoka. Jioni dereva akawasha taa ndogo, fyuzi ikakatika. Akaweka nyingine, ikakatika. Ya tatu akaifunga kwa karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara, na hiyo haikukatika, ikabaki kukatika kitu kingine. Gari lilirudi hapa na harufu ambayo haikutoka kwenye viti mwaka mzima.

Hata hivyo rangi msiziamini moja kwa moja. Tela lililokwisha kupita kwa mafundi wanne utakuta waya wa kijani unakwenda kwenye pampu ya maji. Fuatilia kwa mita kutoka mwanzo hadi mwisho.

3. Mita bila mzigo, yaani bila kitu kinachovuta umeme, inadanganya. Waya ukibakiwa na uzi mmoja wa shaba, mita bado itakusomea volti 12.6, kwa sababu mita yenyewe haili kitu. Ning'iniza balbu ya H4, ile ya taa kubwa ya gari, wati 55, inayovuta kama ampea nne na nusu. Balbu ikiwaka hafifu huku mita ilikuambia mambo safi, umeshajua nani mkweli. Testa ya LED haikusaidii hapa, nayo haili. Balbu kuukuu iliyokatika uzi mmoja inatosha. Yangu imefungwa kwenye boksi langu, na najua nani ameiazima.

4. Ethi. Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo nilipoaibika.

Nilikuwa nimeshaanza kuitwa fundi, na nilipenda kuitwa hivyo. Likaletwa tela jipya la kampuni moja ya utalii, lenye friji, pampu ya maji na betri yake ya ampea-saa 100. Mwenye kampuni akataka betri ya tela ichajiwe njiani na altaneta, jenereta ya injini ya gari. Kazi ya kawaida: nyaya mbili nene, plagi ya kijivu ya Anderson ya kuziunganisha nyuma ya gari, fyuzi kubwa, rilei ya kutenganisha betri. Upande wa chanya niliupamba. Fyuzi jirani kabisa na betri, waya ndani ya mpira, vibanio kila hatua. Upande wa hasi nikaufunga kwa boliti kwenye chesisi ya gari, juu ya rangi. Chesisi ilikuwa imetoka kupakwa, nyeusi, inapendeza, na mimi nikaona uvivu kuikwangua. Nikakaza boliti kwa nguvu zote nikajiambia imeuma.

Tukawasha injini. Nikapima betri ya tela: volti 13.9. Taa zinawaka, friji inanguruma. Nikalipwa.

Sasa fikirini. Hasi yangu haikugusa chuma. Chaji ilikuwa inarudi kwenye gari kupitia wapi? Kupitia waya mweupe wa plagi ya taa, waya wa milimita za mraba 2.5, na pini iliyowekwa pale kurudisha umeme wa balbu chache. Kiasi kidogo kikapita kwenye tufe la kuvutia. Hapa yadi betri ilikuwa imejaa, inavuta ampea mbili tatu, pini ikavumilia. Ndiyo maana mita ilinipa jibu zuri.

Tela likaenda Serengeti, wageni wakalala Seronera, friji ikala betri usiku hadi usiku. Siku ya kurudi gari likaunganishwa na tela lenye betri iliyochoka. Betri ya namna hiyo inavuta chaji kwa pupa, ampea ishirini na zaidi, na zote zikawa zinapita kwenye pini ile iliyojaa vumbi, kwenye rasta za barabara ya Naabi, kupanda Ngorongoro, kushuka Karatu. Fyuzi yangu haikukatika, na haikupaswa kukatika: ilikuwa ya ampea 50, upande wa chanya, kulinda waya mnene. Waya mweupe hauna fyuzi. Ukipata moto, unaungua hadi mwisho na hakuna wa kuukata.

Dereva, mzee ninayemheshimu, akanipigia simu magharibi wakiwa wameshapita Mto wa Mbu. "Fundi, nikikanyaga breki indiketa zote mbili zinawaka. Nikiwasha taa ndogo tela zima linakuwa giza." Aliyesoma mpaka hapa ameshajibu: ethi imepotea, balbu zinatafutana njia ya kurudi kupitia balbu wenzake. Mimi nilimwambia abadilishe balbu. Nilikuwa mezani, nataka simu iishe. Akabadilisha, hazikuwaka. Akaenda polepole na taa za dharura za gari, ambazo ukiwa nyuma huzioni, zimezibwa na tela. Kabla hawajafika Makuyuni lori likaja nyuma yao, likachelewa kuliona tela, likakwepa na kung'oa kona yake ya nyuma pamoja na taa. Hakuna aliyeumia. Wageni walikaa kando ya barabara na masanduku yao mpaka gari lingine likatoka Arusha.

Hapo bado sijafika pabaya. Pabaya ni kesho yake. Plagi ya taa ilikuwa imeyeyuka na kushikamana na soketi. Mwenye kampuni akauliza imekuwaje. Nikasema, bila kufungua nati hata moja, kwamba dereva ameosha tela kwa maji ya presha, maji yameingia kwenye soketi, imepiga shoti. Ikasikika kitaalamu. Mzee akakatwa posho ya safari. Hakubisha, kwa sababu kweli alikuwa ameliosha.

Baadaye nikiwa chini ya gari naweka soketi mpya, nikafungua na ile boliti ya hasi. Chini ya lagi, kile kichwa cha waya, rangi ilikuwa inang'aa, haina hata mkwaruzo. Nikaikwangua hadi chuma, nikarudisha lagi, nikakaza, nikapaka grisi juu, nikanyamaza. Nilinyamaza muda mrefu kuliko ninavyotaka kuwatajia. Nilipokwenda kwa mwenye kampuni hatimaye, posho ya mzee ilikuwa mfukoni mwangu. Msimu wote ule sikupata tena kazi zao, na sikuwa na la kulalamika. Mzee alizipokea hela, akazihesabu mbele yangu, akasema, "Haya, sasa nionyeshe hiyo ethi iko wapi." Mpaka leo akileta gari anageuza ndoo anakaa pembeni yangu, na hasi anaikagua mwenyewe kwa kucha.

Kipimo ambacho ningekifanya siku ile, nacho hakichukui muda wa kunywa chai, ni hiki. Chomoa plagi ya taa. Liondoe tela kwenye tufe. Bakiza plagi ya Anderson peke yake, injini ikiwaka, friji na balbu ya H4 zikivuta. Mguu mmoja wa mita uguse kichwa chenyewe cha risasi cha hasi ya betri ya gari, si kibanio chake; mwingine uguse hasi ya betri ya tela. Ukisoma chini ya volti 0.3, kalale. Ukisoma volti nzima, njia ya kurudi inaumwa, na betri mpya haitaiponya. Ukiacha plagi ya taa ndani, inakufichia kosa kama ilivyonifichia mimi.

5. Friji. Nyingi za kompresa aina ya BD35 zina sehemu ya kufunga kitaa cha LED kwenye kidhibiti chake. Kifungeni, kisha hesabuni kinavyopepesa. Mara moja: volti zimeshuka. Mara mbili: feni inavuta kupita kiasi. Mara tatu: mota imeshindwa kuanza. Karibu kila friji "iliyokufa" inayoletwa hapa inapepesa mara moja. Kwa mpangilio wa kiwandani inajizima zikifika 10.4 na hairudi mpaka zipande 11.7, na hizo ni volti za mlangoni kwa friji, si za kwenye betri. Ndiyo maana nawapigia kelele kuhusu unene wa waya. Chukua waya wa 2.5, mita 8 kwenda na mita 8 kurudi: upinzani wake unakaribia omu 0.11. Upitishe ampea 20 za chaji na friji, volti 2.2 zimebaki njiani. Weka waya wa milimita za mraba 16, zinazobaki njiani hazifiki 0.4. Hesabu hii ifanyeni kabla ya kwenda dukani, maana mkirudi na waya mwembamba mtasema duka lilikuwa na huo tu.

6. Betri ya asidi ipimwe ikiwa imepumzika saa kadhaa, si mara tu baada ya chaji: volti 12.6 imejaa, 12.2 ni nusu, 11.8 imekwisha.

7. Fyuzi ikikatika mara mbili, ya tatu usiweke; tafuta.

8. Sola: kwenye kidhibiti cha chaji unganisha betri kwanza, paneli baadaye, na ukifungua anza na paneli. Na muulize dereva wapi anafunga kuni na gudumu la akiba. Kivuli cha kitu kimoja juu ya seli chache kinaweza kuua sehemu kubwa ya paneli, na nimeshaona kidhibiti kizima kikibadilishwa kwa sababu ya godoro lililofungwa juu ya paa.

9. Tela lililotoka Ziwa Natron lifunguliwe soketi zote hata kama dereva hana malalamiko. Vumbi la magadi likipata unyevu linakula shaba taratibu, na matokeo yake yataonekana mwezi ujao huko mbali.

10. Inverta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani. Mgeni haulizi ampea, anaona tundu la plagi anachomeka. Kuna mama mmoja, mpole kabisa, aliyechomeka mashine ya kukaushia nywele kwenye tela letu kambini Simba, pale juu kwenye ukingo wa kreta ambako usiku unatetemeka hata ndani ya blanketi mbili, na nywele zilikuwa zimelowa, nani angemlaumu? Mashine ya wati 1,500 kwenye betri ya volti 12 inahitaji ampea 125 na zaidi, kabla ya hasara ya inverta yenyewe. Ikapiga kelele, ikazima, taa zote za kambi nazo. Dereva akaniambia inverta mbovu. Haikuwa mbovu, ilijilinda. Tangu hapo nabandika juu ya kila tundu, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza: simu, kamera na kompyuta tu. Bandikeni na nyie, msisubiri kuambiwa.

11. Ukibadilisha waya wowote, chora. Si kichwani, kwenye karatasi, kisha uibandike ndani ya mlango wa betri na plastiki juu yake. Atakayeufungua mlango huo saa mbili usiku, tochi ya simu mdomoni na wageni wamemzunguka, si wewe. Andika waya umetoka wapi, unakwenda wapi, fyuzi yake ni ya ngapi, na ethi umeifunga kwenye boliti ipi. Weka tarehe. Weka na jina lako, tujue wa kumpigia.