Mstoiko wako anapenda, usimfanye jiwe

Dada, umeuliza kama shujaa wa riwaya yako, mfuasi wa falsafa ya Wastoiko (wanafalsafa wa kale wa Ugiriki na Roma waliofundisha mtu azitawale hisia zake), anaweza kumpenda mkewe bila kuisaliti falsafa hiyo. Anaweza, tena sana. Riwaya pendwa nyingi humchora Mstoiko kama gogo: hacheki, halii, akiachwa hashtuki. Huyo si Mstoiko.

Soma barua ya 104 ya Seneca, Mstoiko wa Roma ya kale, kwa rafiki yake Lucilius. Mzee ana homa, anaondoka Roma kwenda shambani kwake Nomentum, na mkewe Paulina anajaribu kumzuia. Anakiri kwamba inambidi aitunze afya yake kwa ajili ya Paulina, maana uhai wa mke umefungamana na wake. Hapo pana riwaya nzima!

Epictetus, Mstoiko mwingine wa kale, naye alifundisha kuwa ukimbusu mwanao au mkeo, ujikumbushe unambusu binadamu, atakayekufa. Mara ya kwanza maneno hayo yaliniuma. Sasa naona ndiyo yanayomfanya mtu asibusu kwa mazoea. Basi mwache shujaa wako ambusu mkewe mlangoni asubuhi, akijua hivyo, bila hotuba. Na mke ajibu: katika barua ile Paulina tunamsikia kupitia mumewe tu, wako mpe sauti yake mwenyewe.