Gawa Kwanza, Wadogo Zangu

Mwangaluka. Ijumaa iliyopita nilisimama nyuma ya meza moja ya blakijaki hapa Mwanza, ule mchezo wa kumshinda dila, mgawa karata wa kasino, kwa kukaribia 21 bila kuipita, nikiwatazama wawili wenu ninaowafundisha kuhesabu karata. Siwataji, mnajijua. Shuu, lile sanduku la karata, ya jozi sita za karata 52, imetoka jozi moja tu, raningi, yaani hesabu ya karata zilizotoka, imefika +9. Nikaona mmoja anamkonyeza mwenzake, mkono ukazama kwenye chipu, beti ikaruka kutoka 5,000 hadi 80,000. Nilitamani nimvute shati. Nikatoka nje, nikanunua maji, nikakaa barabarani mpaka moyo ukatulia, kwa sababu beti ile niliwahi kuiweka mimi, na najua iliishia wapi.

Haya nimewaambia kwa mdomo mara nyingi. Leo nayaandika, asiwepo wa kusema hakusikia.

1. Hatukariri karata. Anayetaka kukariri karata 312 aende akakariri kitu chenye faida. Sisi tunapima mzani tu wa ndogo zilizotoka na kubwa zinazotufaa zikibaki: 2 hadi 6 ni +1, 7 hadi 9 ni sifuri, 10 na wazungu wote (J, Q, K) na ree (A) ni -1. Kila jozi ina karata 20 za kuongeza, 20 za kupunguza na 12 zisizogusa kitu, kwa hiyo ukiipitia yote lazima urudi sifuri. Ukirudi na mbili, kuna karata zimekupita. Anza upya, na usiniambie "ilikuwa karibu". Jozi moja ndani ya sekunde 30, redio inalia na mama anakuita ukale. Ukishindwa hapo, mezani dila atakumeza.

2. Zoezi la bure liko kwenye daladala. Soma namba za magari yanayopita: T 482 ni +1, sifuri, +1. Kuna mdogo wangu mmoja, kijana mwenye bidii nampenda sana, alikuwa ashuke Mabatini, akashtukia konda anamdai nauli nyingine Buzuruga. Alinipigia simu kwa furaha kunitajia hesabu aliyofika nayo, na ilikuwa sahihi. Nauli ile nilimrudishia mimi.

3. Raningi siyo truu. Hapa tutakaa, kwa sababu hapa ndipo mnapofia.

Mwanahisabati Edward Thorp alipotoa kitabu chake cha kuhesabu karata mwaka 1962, michezo mingi kule Nevada, Marekani, ilikuwa ya jozi moja. Kasino zikajibu kwa kuongeza jozi, nne, sita, nane, na dawa yao inafanya kazi mpaka leo kwa mtu asiyejua kugawa. Karata ndogo tisa zikizidi kutoka wakati imebaki jozi moja, umekamata mzigo. Tisa zilezile zikizidi wakati zimebaki jozi tano, ule utajiri umetawanyika kama chumvi ndani ya pipa. Chukua raningi, gawa kwa jozi zilizobaki, utapata truu. Hiyo ndiyo unayobetia.

Mimi nilikuwa naijua kanuni hiyo. Nataka mlielewe vizuri, maana kila mnapokosea mnaniambia "kaka, tulikuwa tunajua". Hata mimi nilikuwa naijua, nimeiandika kwenye daftari kwa wino mwekundu. Wakati huo nilikuwa natengeneza simu Makoroboi. Nilikuwa na mtaji wa shilingi 1,800,000, na ndani yake 600,000 zilikuwa za kaka yangu wa Sengerema, za kununulia magunia ya dagaa. Alinipa nimtunzie mpaka Jumamosi. Nilijiambia pesa iliyolala haina kazi.

Siku ile shuu ilianza na utitiri wa karata ndogo. Jozi ya kwanza ilipokwisha raningi ilikuwa +8. Kichwa kilikuwa cha moto, nikasikia nambari nane tu, sikusikia jozi tano zilizobaki kwenye shuu. Nikaweka 100,000.

Nikapata 20. Dila ana 6. Nikatabasamu. Akafunua 10, akavuta 5, ikawa 21. Nikaweka tena 100,000. Nikapata 11, dila ana 5, nikaongeza beti mara mbili kama kanuni inavyotaka. Ikanijia 3. Dila akafunua 9, akavuta 6, ana 20. Nikaweka tena. Nikapata nane mbili, dila ana 10. Nikazitenganisha kwa laki nyingine, kama inavyotakiwa. Zote mbili zikasimama 18. Dila akafunua mzungu. Mikono mitatu, 500,000, na katika yote hiyo hakuna uamuzi hata mmoja wa kucheza niliokosea. Ndiyo maana sikuamka. Nilijiambia nacheza sawasawa, ni bahati tu imepinda, na hesabu bado iko juu. Nikaendelea vilevile shuu baada ya shuu: raningi ikipanda kidogo, laki moja mezani. Saa nane usiku chipu ya mwisho ilivutwa na dila, nami bado nasema moyoni "plas saba".

Nilitembea kwa miguu mpaka Kamanga. Nikakaa karibu na gati kusubiri kivuko cha asubuhi, ziwa jeusi, upepo unakata. Nikatoa daftari na kalamu, na hapo ndipo nikagawa kwa mara ya kwanza usiku ule. Nane kwa tano ni 1.6. Ukicheza kanuni za msingi bila kosa, kasino inakuzidi kwa karibu nusu ya asilimia, na kila truu moja inakurudishia karibu nusu ya asilimia. Kwa 1.6 nilikuwa mbele kwa 0.3 ya asilimia. Chukua mtaji wote, zidisha kwa faida hiyo, gawa kwa 1.3 ambayo ni mtawanyiko wa mkono mmoja, yaani matokeo yanavyopanda na kushuka: unapata beti ya juu kabisa, kama 4,000. Meza ilikuwa ya 5,000. Yaani hesabu ilikuwa inaniambia nikae na beti ya chini kabisa, nami niliweka mara ishirini yake. Hata truu ingekuwa +4, faida kama asilimia 1.5, kiwango cha juu kingekuwa 20,000 na ushee, na wenye akili huweka nusu ya hapo. Hakuna hali yoyote ya shuu ile ambayo 100,000 ingekuwa jibu.

Kivuko kikaja. Nilimkuta kaka anafunga mizani. Nikamsalimia, nikamwambia yote nikiwa nimesimama. Hakupandisha sauti. Aliuliza, "Zote?" Nikasema zote, kaka. Akakaa juu ya gunia akatazama chini muda mrefu, kisha akauliza, "Sasa wale wavuvi Jumamosi niwaambie nini?" Sikuwa na jibu. Nilimlipa 50,000 kila mwezi kwa miezi 12, na mwaka ule wote sikugusa meza. Msimu ule alipokosa magunia, mteja wake mkubwa alihamia kwa mtu mwingine wa Mwaloni. Hilo sikuweza kulilipa.

Kwa hiyo nikiwafokea msione nawaonea.

4. Trei ya karata zilizochezwa ndiyo rula yenu ya kukadiria jozi zilizobaki. Nunueni jozi sita za bei rahisi, zirundikeni moja moja, mjue kwa jicho jozi moja ina unene gani, mbili, mbili na nusu.

5. Bima, ile beti ya pembeni kwamba dila mwenye ree ana blakijaki (ree na karata ya kumi), msiguse mpaka truu ifike +3. Inalipa mbili kwa moja, kwa hiyo inataka zaidi ya theluthi ya karata zilizobaki ziwe za kumi (10 na wazungu). Katika jozi nzima ziko 16 kati ya 52, hazifiki. Na nimesema truu. Kuna mmoja wenu alinunua bima kwa raningi ya +4 na jozi nne zimebaki, kisha akanieleza kwamba "alihisi". Mkono ule dila alikuwa na blakijaki kweli, na hilo ndilo lililoniuma zaidi, maana sasa kijana anaamini hisia zake.

6. Meza inayolipa 6 kwa 5 tu kwenye blakijaki, malipo ni madogo, geuka mlangoni. Mashine inayochanganya karata muda wote, geuka pia, hakuna cha kuhesabu. Dila anayekata shuu katikati, nusu ya karata zisitoke, kunywa soda yako uondoke.

7. Kuhesabu kwa kichwa si wizi, lakini msiguse simu mezani, na pit bosi, msimamizi wa meza, akikwambia imetosha, sema asante, bosi, kusanya chipu zako. Ken Uston, mhesabu karata wa Marekani, alipigania haki yake mpaka Mahakama ya Juu ya jimbo la New Jersey ikaamua mwaka 1982 kwamba kasino za kule hazina mamlaka ya kumfukuza kwa kuhesabu. Ile ni New Jersey. Hapa wewe ni mgeni ndani ya nyumba ya mtu, na yule bosi huenda kesho mkakutana sokoni Kirumba mnagombea sato mmoja.

8. Mtaji wa mezani ni pesa ambayo ikipotea yote hakuna mtu atakayekaa juu ya gunia. Ada ya chuo siyo mtaji. Pesa ya mama siyo mtaji. Na kwa mtaji mlio nao sasa, hata mkicheza bila kosa, mtakaa miezi chini ya mlipoanzia, kwa sababu faida ni ndogo na mawimbi ni makubwa. Asiyeweza kuvumilia hilo aje aniambie, nitamfundisha kutengeneza simu, kazi hiyo naijua na ina wateja.

Jumapili saa nane mchana, kwangu Igoma. Njooni na jozi zenu sita na daftari, pesa mziache nyumbani. Nitaweka marundo ya karata mezani, nitataja raningi, nanyi mtanipa truu ndani ya sekunde tatu, mmoja mmoja, mpaka giza liingie. Shemeji yenu atapika. Yule wa 80,000 nataka awe wa kwanza kufika.