Barua kwa Atupele: somo langu liliishia bandarini

Mwanangu Atupele,

Ugonile. Ujumbe wako niliusoma jana usiku, nikaurudia asubuhi kabla sijawasha moto. Unasema ushirika wenu hapo London umejaa akina mama wa Kijamaika, Wamoravian tangu kuzaliwa kama wewe, na kwamba bibi mmoja alikushika mkono baada ya ibada akakuambia wamisionari waliopeleka Injili kwao walikuwa na watumwa wao wenyewe. Ukaniuliza: "Mama, ni kweli? Na kama ni kweli, mbona kwenye kipaimara hukutuambia?"

Ni kweli.

Nimelitoa kabatini lile daftari langu la masomo. Jalada limeshang'oka, lakini somo la nne linasomeka vizuri. 1415, Jan Hus, mhubiri wa Bohemia, achomwa moto. 1457, Umoja wa Ndugu, ndilo kanisa letu la Moravian, waanza. 1727, uamsho wa Herrnhut, Ujerumani. 1732, Leonhard Dober na David Nitschmann wasafiri kwenda kisiwa cha St. Thomas, bahari ya Karibi. Chini yake nimepigia mstari mara mbili: "Dober alikuwa tayari kuwa mtumwa ili awahubirie watumwa." Hilo ndilo nililowafundisha wewe na wenzako, na wengine wengi kabla yenu. Dober alisema hivyo kweli. Ila somo langu liliishia bandarini, walipopanda meli, na ninyi mkabaki mnadhani yaliyofuata yalifanana na kile alichosema.

Yaliyofuata hayakufanana. Mwaka 1739 Zinzendorf mwenyewe, kiongozi wa Wamoravian wa Herrnhut, alifika St. Thomas, na alipokuwa akiwaaga watumwa aliwaambia kwamba Mungu ndiye aliyempangia kila mtu mahali pake, awe mfalme, bwana, mtumishi au mtumwa. Nilipolisoma jambo hilo mara ya kwanza nilikuwa mtu mzima, nimeshazeeka kanisani, na niliumia kama mtu aliyesikia neno baya kutoka kwa baba yake.

Jamaica ilifikiwa 1754. Walioomba wamisionari ni ndugu wawili waliokaa Uingereza, William Foster na Joseph Foster Barham, wenye mashamba ya miwa kule kisiwani. Walikuwa wameokoka, wakataka watumwa wao nao wahubiriwe. Basi Zacharias Caries na wenzake wawili wakaenda, wakafikia shamba la Bogue, wilaya ya St. Elizabeth. Sasa angalia hapo pa kuanzia, mwanangu. Mhubiri kaitwa na mwenye shamba, analala kwenye ardhi ya mwenye shamba, na anazungumza na watu saa ile tu mwenye shamba anapowaruhusu. Halafu misheni ikapewa eneo lake, wakaliita Carmel, na ili wajitegemee wakalifanya shamba la kazi na mifugo. Waliofanya kazi ile ni watumwa wa misheni. Mtu anatoka shambani kwa bwana wake, anamsikiliza ndugu akihubiri juu ya Mwanakondoo, na nyuma ya nyumba ya ndugu yule wako watu weusi wanaomilikiwa na huyo huyo ndugu. Wewe ungebatizwa?

Wengi hawakubatizwa. Baada ya miaka 50 waliobatizwa kisiwa kizima hawakufika 1,000. Vitabu vya zamani vinasema ni homa, kwamba Carmel palikuwa kwenye majimaji na wamisionari walikufa sana. Walikufa kweli. Lakini mimi naamini watu walikuwa wanaona.

Mwanzoni mwa miaka ya 1820 waliiacha Carmel ile, wakapanda milimani Fairfield, wilaya ya Manchester, na kuanzia hapo kazi ikakua. Na hapa ndipo nataka umjue mtu mmoja, kwa sababu nisipokutajia huyu nitakuwa nimekupa tena nusu ya habari.

Alizaliwa kwa Waigbo, nchi tunayoiita leo Nigeria. Nyumbani waliita jina lake Aniaso. Alikamatwa akiwa mtoto, akauzwa Jamaica, akapewa jina la Archibald Monteith. Alikuja kuwa msaidizi katika ushirika wa New Carmel (si Carmel ile iliyoachwa): anatembelea wagonjwa, anapatanisha waliogombana, anaombea nyumba kwa nyumba, kazi ile ile wanayoifanya wazee wa kanisa hapa kwetu. Tarehe 1 Juni 1837 alijikomboa kwa fedha yake mwenyewe. Uhuru kamili wa wote ulikuja tarehe 1 Agosti 1838. Miezi kumi na minne tu! Nimeifikiria sana fedha ile. Ilikuwa imekusanywa senti kwa senti, naye hakuona sababu ya kungoja Bunge la Waingereza limpe kilichokuwa chake. Uzeeni alisimulia maisha yake yakaandikwa, na alifariki 1864. Kanisa la Jamaica lilijengwa na watu wa namna hiyo, kwa hiyo bibi yako wa London hana deni la imani kwa mzungu yeyote.

Uliuliza pia kwa nini wao ni wachache na Wabaptisti wa kule ni wengi. Mwishoni mwa 1831 watumwa waliinuka, na aliyewaongoza, Samuel Sharpe, alikuwa shemasi wa Kibaptisti. Alinyongwa 1832. Mmisionari wetu mmoja, Pfeiffer, naye alikamatwa akashtakiwa, lakini akaachiwa. Wamisionari wa Kimoravian walikuwa wamefundisha utii muda wote, na watu wengi wa vituo vyao walitulia wakasifiwa na mabwana. Sifa ya mabwana haijengi kanisa. Uhuru ulipokuja, watu walikumbuka nani alisimama wapi. Lakini haki lazima isemwe: 1840 Wamoravian walisaidia kuanzisha Maidstone, kijiji cha waliowekwa huru, watu wakapata viwanja vyao wenyewe. Tena shule zao zilikuwa nyingi, na chuo cha ualimu cha Bethlehem, kilichoanza 1861, kipo Malvern mpaka leo.

Hili la mwisho ndilo ninalolipenda kuliko yote. Mwaka 1843, miaka mitano tu baada ya uhuru, Misheni ya Basel, ya Uswisi, ilipeleka Wakristo weusi Gold Coast, Ghana ya leo. Wamoravian wa Jamaica walijitokeza na familia zao, pamoja na mmoja wa Antigua, jumla watu 24. Walivuka bahari ile ile kurudi walikotolewa babu zao, wakakaa Akropong. Walifundisha shule. Walipeleka na miche: maembe, magimbi, na maparachichi. Nakuandikia nikiuangalia mparachichi wetu hapo nje na sijui niseme nini. Hao walifika Afrika karibu miaka hamsini kabla wamisionari wa Kijerumani hawajafika hapa kwetu Rungwe 1891.

Kwa nini sikuwaambia? Mwanzoni sikujua. Nilipojua, niliona aibu, nikajisemea watoto wa miaka kumi na minne watavunjika moyo. Nisamehe. Nilikuwa nalinda jina la kanisa, na wewe ukaja kuyasikia ugenini kwa mtu baki. Nimeshaongea na mwalimu wa kipaimara wa sasa. Jumamosi hii amenipa nusu saa, nami nitalianza somo la nne upya, kuanzia pale bandarini.

Bibi yako wa London umsalimie kwa jina langu. Umuulize kama kwao ni Manchester au St. Elizabeth, na kama alifika Maidstone tarehe 1 Agosti, siku wanayokumbuka uhuru. Ukimsikiliza, andika, kisha unitumie kabla ya Jumamosi.

Mama yako,
Tukuyu